Kamera ya Ami Seif

*Kikundi: Ukoo wa Kikwajuni*

Ami Seif (Muscat): Assalaam alaykum. Fundi kanambia kamera ya ukumbini huko nyumbani Kikwajuni ishafungwa, anwani yake 192.168.1.50. Nimeiandika hapa kwenye Chrome, imenifungukia printa.

Khamis: Waalaykum salaam ami. Printa ya nani?

Ami Seif (Muscat): Yangu mwenyewe! Hii hapa mezani.

Bi Nunu: 😂😂 Seif umebisha hodi kwako

Maryam: Huyo fundi kala pesa za watu.

Khamis: Hajala, namba ni sahihi, ila ukiwa Muscat haikufikishi kwetu. Anwani za 192.168 ni za ndani tu. Zilitengwa rasmi mwaka 1996, pamoja na zinazoanza na 10 na zile za 172.16 mpaka 172.31, kila mtu azitumie kwake bila kumwomba mtu ruhusa. Ruta, kile kisanduku cha intaneti, ya Kikwajuni inagawa za 192.168.1, na yako inagawa hizo hizo. Ukiuliza chumba namba 50 bila kutaja nyumba, utafunguliwa cha nyumba uliyomo.

Ami Seif (Muscat): Haya, nipe hiyo ya nyumba.

Khamis: Hapo ndipo penye kazi. Zuwena upo nyumbani? Ingia kwenye ruta, andika 192.168.1.1, utafute palipoandikwa WAN, yaani anwani ya upande wa nje.

Zuwena: 📷 Picha

Khamis: Ifute hiyo picha!! Neno la siri la waifai linaonekana lote. Nataka namba mbili za mwanzo za WAN, basi.

Zuwena: Nshafuta. 100.81

Khamis: Nilihisi. Kuanzia 100.64 mpaka 100.127 ni za ndani ya mtoa huduma wa intaneti. Yaani ruta yetu nayo imekaa nyuma ya mtambo mwengine mkubwa, wateja chungu nzima wanatoka nje kwa anwani moja. Hizi anwani za mafungu manne ya namba, dunia nzima hazifiki bilioni 4.3, hazitoshi, ndio watu wakashirikishwa anwani moja. Kwa hivyo ami, huko uliko huna anwani ya kuiandika ukafika kwenye kamera moja kwa moja.

Ami Seif (Muscat): Mbona fundi kasema atafungua poti, yaani mlango wa kuingilia, kwenye ruta, nimtumie elfu thelathini?

Khamis: Usitume. Atafungua kwenye ruta yetu, lakini mtambo wa mtoa huduma hana uwezo wa kuugusa, itakuwa kazi bure. Na hata ingekubali nisingependa. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa maelfu, kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani.

Maryam: Na yetu neno lake la siri lipi?

Zuwena: Fundi kaacha admin na admin

Maryam: Subhanallah

Khamis: Zuwena libadilishe sasa hivi, usingoje usiku. Halafu ami, weka kwenye simu programu ya kamera hiyo, Zuwena akuongeze kutoka kwake. Kamera inatoka yenyewe kwenda kwenye seva, yaani kompyuta, ya mtengenezaji, simu yako inakwenda hapo hapo, mnakutana. Kutoka hakuna anayekuzuia, kuingia ndiko kugumu. Kasoro yake ni kwamba mambo yetu yanapitia kwenye seva za watu. Ukumbini sawa, vyumbani mimi sitaki.

Bi Nunu: Chumbani kwangu isisogee.

Zuwena: Nina suala. Kwenye kompyuta nilikuwa naiona kwa hiyo 50, jana umeme umekatika, uliporudi imekuwa 12. Kwa nini?

Khamis: Ruta ndiyo inayogawa, na haikuahidi kurudisha ile ile. Ingia sehemu ya DHCP, ndipo ruta inapogawia anwani, tafuta Address Reservation (kuweka anwani akiba), uandike MAC ya kamera (namba yake ya kiwandani, ipo kwenye stika chini yake) na umpe 50. Usiiandike ndani ya kamera yenyewe, siku moja ruta itampa mgeni 50 hiyo hiyo na vitagombana, mara kimoja kinapata neti mara kingine.

Zuwena: Kwani lazima 50?

Khamis: Yoyote isiyo na mwenyewe, baina ya 2 na 254. 1 ni ya ruta, 255 inatumika kuviita vyombo vyote kwa pamoja.

Zuwena: Imekubali. Neno la siri pia nshabadilisha. Ami nimekutumia mwaliko.

Ami Seif (Muscat): Naona! Mashaallah, safi kabisa. Kuku wa nani hao kwenye zulia?

Bi Nunu: Ushaanza.