Naomba ushauri: boliti za tairi zimekatika, Winnebago ya 1972

Wakuu habari. Nina Winnebago Brave ya 1972 (gari-nyumba la kusafiria), chesisi ya Dodge, niko Iowa, Marekani. Fundi wa matairi alikazania kufungua nati za kushoto kwa mashine bila kujua kuwa upande huo hufunguka kwa kuzungusha kulia, wakati boliti zimepigwa herufi L (left, yaani kushoto) kabisa! Mbili zimekatika, nyingine thredi zimeliwa.

Nafikiria kubadilisha upande mzima niweke za kawaida, boliti na nati zake, yasijirudie. Ila nyuma kuna matairi mawili mawili, sitaki kubahatisha.

Aliyewahi kufanya hivi: za zamani ulizitoa kwa nyundo au ulipeleka habu (kitovu cha gurudumu) kwenye presi (mashine ya kugandamiza)? Na mpya, kuzivuta kwa nati na washa kunatosha?