Jamaa mwenye fujo anataka kuja timuni kwetu, tumpokee vipi?

Mzawa_wa_Igoma:

Mwangaluka wakuu. Naomba mawazo ya watu wanaojua mpira wa kikapu, sio wale wa "piga chini tu".

Iko hivi, timu yetu ni ya mtaa, mazoezi tunafanyia Mirongo tukipata nafasi, tukikosa tunahamia uwanja wa shule huku Igoma, Mwanza, wenye ringi moja imepinda. Staa hatuna. Tunacheza kwa pasi, dogo wetu anayepandisha mpira ana miaka 19, hafungi sana ila kila mtu anaupata mpira pale anapoutaka, na ndio maana msimu uliopita tuliwasumbua watu waliotuzidi urefu na hela ya jezi. Sasa kuna jamaa anataka kuja. Wanaofuatilia kikapu Kanda ya Ziwa watamjua na naomba msimtaje. Anafunga anavyotaka, kushoto kulia, akiwa na siku yake hata umwekee watu wawili unapoteza muda. Ila timu mbili alizotoka zote ziliachana naye vibaya, kwanza alimtolea kocha maneno machafu mbele ya watoto, pili akamsukuma refa kifuani akafungiwa. Na ukimtoa hakai benchi huyo, anabeba begi lake anasepa mechi ikiwa inaendelea.

Kocha anamtaka, sisi wachezaji tumegawanyika katikati. Juzi alipita mazoezini eti kutusalimia, tukampa jezi acheze. Alifunga balaa. Lakini mimi nilikuwa namwangalia dogo. Mara ya kwanza alimpa mpira akakimbilia kona kuusubiri, haukurudi, mara ya pili haukurudi, ya tatu dogo akabaki amesimama katikati ya uwanja mikono kiunoni anatazama kama watazamaji wengine. Huyo dogo sijawahi kumwona amesimama.

Sasa tumchukue? Na tukimchukua anaingia wapi bila kutubomolea tulichonacho? Mimi ndio kapteni kwa hiyo lawama zote zitatua kwangu.

Tajiri_wa_Dagaa:

Chukua huyo mtu kabla Bukoba hawajamvusha ziwa. Mnauliza tabia kwani mnatafuta mkwe? Kikapu ni pointi bana, mwenye pointi nyingi anaenda nyumbani anacheka. Tangu Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet achaguliwe namba 2 kuingia NBA, ligi ya kule Marekani, mwaka 2009 kila timu huku inatafuta mrefu mpole mwenye nidhamu, mmempata?

Senta_Mstaafu:

Tajiri punguza. Kapteni, mtu wa aina hii alishakuwepo na habari zake zinajulikana, Dennis Rodman wa NBA. Watu wanakumbuka nywele za rangi tu ila angalia jinsi alivyopokelewa. San Antonio msimu wa 1994-95 walishinda mechi 62 wakiwa naye na bado walishindwana, wakamsimamisha, akachelewa, mechi ya mtoano ikiendelea yeye kavua viatu kajilaza pembeni ya uwanja. Oktoba 1995 wakamtoa kwenda Chicago wakapewa Will Perdue, senta wa akiba tu, yaani walitaka aondoke hata kwa hasara. Msimu huohuo Chicago wakashinda 72 wakapoteza 10 na makombe matatu yakafuatana, 1996, 97 na 98. Rodman hakubadilika tabia hata kidogo, Machi 1996 alimpiga refa kichwa akafungiwa mechi 6, Januari 1997 akampiga teke mpiga picha akala mechi 11. Kilichobadilika ni nyumba aliyoingia.

Na hapo ndipo kapteni usome taratibu. Kwanza, 1991 Rodman akiwa Detroit alimsukuma Scottie Pippen wa Chicago hadi nje ya uwanja, kidevu kikapasuka kikashonwa. Kwa hiyo Chicago kabla ya kumchukua waliwauliza Pippen na nyota wao Michael Jordan, hawakushtukizwa uwanjani kama mlivyomshtukiza huyo dogo wenu na jezi ya mazoezi. Pili wakamsajili Jack Haley, rafiki yake wa San Antonio, ambaye ligi nzima kabla ya mtoano alicheza mechi moja, kazi yake kubwa ilikuwa kukaa na mshikaji wake. Nafasi nzima ya kikosi waliitoa kwa ajili hiyo tu! Tatu, wakampa kazi moja. Rebaundi, yaani kudaka mpira uliokosa ringi, na kumkaba mkubwa wa wapinzani. Msimu ule alikuwa na rebaundi 14.9 kwa mechi na pointi 5.5. Hakuna aliyemsubiri afunge na hakuna aliyemhubiria abadilishe nywele.

Kwa hiyo mimi nasema mchukueni, ila mmuulize kama anayo kazi moja anayoweza kuifanya bila kulalamika.

Dada_Rebaundi:

Senta nimekusoma na nakuheshimu kaka yangu ila mfano wako haumhusu huyu jamaa na ndio kosa linalofanywa kila siku, mtu akiwa na fujo wanaume wote mnamtaja Rodman. Rodman hakuutaka mpira! Alikuwa anaufuata ukishakosa. Jordan msimu ule alipiga pointi 30 kwa mechi na Rodman hakumpunguzia hata pigo moja. Huyu wa kapteni anautaka mpira kutoka mchezo unaanza mpaka filimbi ya mwisho, fujo zake ni jambo la pili. Hata angekuwa mlokole bado dogo angesimama mikono kiunoni.

Mfano wenu ni Russell Westbrook wa NBA alipoenda timu ya Lakers 2021. Mchezaji bora wa ligi 2017, mtu wa kazi, hana uvivu, wakamweka na nyota wao LeBron James ambaye naye mpira ni wake. Wakaishia ushindi 33 na vipigo 49, hata mtoano hawakugusa. Sio kwamba hajui, ila mpira uko mmoja na akiachwa bila mpira wapinzani wanamwacha wanajaa ndani kwa sababu shuti lake la mbali hawaliogopi. Sasa muwaangalie Clippers, timu aliyohamia baadaye, Novemba 2023 walipomleta James Harden, naye mtu wa kushika mpira, Westbrook mwenyewe ndiye aliyeomba aanzie benchi. Akawa anaingia na kundi la pili, mpira ni wake, anakimbia anavyotaka, wale wa kwanza wanapumzika.

Kapteni fanya hivyohivyo. Dogo aanze. Jamaa aingie dakika za mwisho za robo ya kwanza dogo akitoka, hapo apige anavyotaka na nyie wengine mkimbilie rebaundi. Mechi ya dakika 40 ina nafasi ya wote wawili bila kugombana. Shida itakuwa dakika za mwisho za robo ya nne wakiwa uwanjani pamoja, hapo jamaa asishike mpira kule juu mbali na ringi, akae kona ya kulia au aje kwenye skrini (kusimama kumzuia mkabaji wa mwenzake), dogo aanzishe, mpira ukimfikia tayari mkabaji ameshahama upande mmoja. Mtu anayefunga kama unavyosema akipewa mpira mkabaji yuko mbioni ni hatari kuliko akianza kudunda mwenyewe sekunde 15 na watu watano wanamtazama.

Kabla sijasahau, nimecheza na mtu kama huyu timu ya kina dada hapahapa mjini. Hakutuvunja kwa matusi. Alituvunja kwa kutokurudi kukaba. Muulizeni alikotoka kama alikuwa anarudi.

Mgosi_Ziwani:

benchi??? 😂 huyo mtu akiambiwa anaanzia benchi atapanda kivuko cha Kamanga siku hiyohiyo na hamtamwona tena

Dada_Rebaundi:

Apande. Bora apande kabla ya msimu kuliko robo ya tatu. Na siku hizi daraja la Kigongo-Busisi lipo, akibadilisha mawazo anarudi kwa bodaboda.

Filimbi_Tu:

Mimi nipo upande wa filimbi nitaongea kidogo. Yote mnayopanga hayana maana kama huyo bwana hajui mipaka kwa sababu kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ukipewa teknikali (faulo ya utovu wa nidhamu) mbili unatoka, faulo tano unatoka, na kila teknikali ni mtupo mmoja wa bure kwa wapinzani na inaingia kwenye hesabu ya faulo za timu, mkishafika nne kwenye robo basi inayofuata mnalipa mitupo miwili hata kama dogo kamgusa mtu mkono katikati ya uwanja. Yaani mdomo wa mtu mmoja analipa mwenzake. Hili wachezaji wengi wa mtaani hawalijui, wanadhani teknikali ni aibu ya mtu binafsi.

Sasa kapteni, marefa tunaongea na wewe. Huyo mtu mwambieni akiona ameonewa asimsogelee refa, akufuate WEWE, hata akutukane wewe, afu wewe uje kwangu taratibu uulize. Mtu mwenye hasira ukimwambia nyamaza hanyamazi, ila ukimwambia mweleze huyu, anaeleza. Mimi nimeshaona inafanya kazi kwa wagumu kuliko huyo. Na kocha ajue kumtoa mapema, ukiona ameanza kuongea peke yake na kupiga mpira chini kwa nguvu baada ya filimbi, usisubiri ya pili.

La kuondoka na begi hilo sina dawa.

Senta_Mstaafu:

Dada hapo kwenye mpira umenikamata sawa, kazi yake sio ya Rodman. Ila benchi peke yake haitoshi, lazima kuwe na mtu wake ndani ya timu. Ron Artest wa Indiana alifungiwa mechi 86 kwa lile varangati la Detroit la Novemba 2004 alipopanda jukwaani kwa mashabiki, timu zikamwogopa, Lakers wakamchukua 2009 na mechi ya saba ya fainali 2010 nyota wao Kobe Bryant anapiga mashuti 24 anaingiza 6, Artest akaweka pointi 20 na shuti la pointi tatu la mwishoni lililowaua Boston. Unajua alimshukuru nani kwenye mahojiano? Daktari wake wa akili. Mbele ya Marekani nzima. Nyie huko Igoma daktari hamna ila kuna mtu huyo jamaa anamsikiliza, kila mtu anaye mmoja. Mtafuteni, awe anakuja mazoezini hata kama hawezi kudunda mpira.

Tajiri_wa_Dagaa:

Sasa mtamlipa nauli na huyo mtu wake? Timu yenyewe maji ya kunywa mnachangishana

Mzawa_wa_Igoma:

Wakuu nashukuru sana. Tajiri maji tunanunua katoni siku hizi usituchafue.

Nimefanya mambo mawili. Mtu wake nimempata, ni shemeji yake, fundi pikipiki pale Buzuruga, nimeongea naye akacheka akasema "mimi ananisikiliza kwa sababu alishawahi kunikopa". Atakuja mazoezi ya jioni. Na nimepiga simu timu ya mwisho aliyotoka kuuliza lile la Dada, wakasema anarudi kukaba vizuri tu kama anafunga, asipofunga hageuki. Kwa hiyo kocha anataka kumpangia mipira yake ya kwanza miwili mitatu iwe ya karibu na ringi, aone mpira unaingia ndio aanze kurudi.

Jamaa kuhusu benchi kasema sawa, ila kasema sawa haraka sana sijapenda.

Kilichonikwamisha ni dogo. Nimemkalisha nikamweleza mpango wote, akasikiliza, akasema hana shida na mtu, afu akauliza kitu kimoja: tukiwa nyuma pointi moja na zimebaki sekunde kumi mpira unakuwa wa nani. Sikumjibu.

Tajiri_wa_Dagaa:

Wa jamaa! Hili nalo swali?

Dada_Rebaundi:

Tajiri tulia. Kapteni mjibu mpira unaanza kwake na uamuzi ni wake, jamaa akiwa wazi anampa, akifuatwa na wawili anampa aliyeachwa, na jamaa aambiwe hivyo akiwepo dogo. 1995 Jordan alimpiga Steve Kerr ngumi ya jicho mazoezini, wachezaji wa timu moja. Mechi ya sita ya fainali 1997 na Utah kila mtu uwanjani alijua Jordan anapiga, Stockton wa Utah akaja kumsaidia mwenzake kukaba, Jordan akampa Kerr, ikaingia, kombe. Kama yule mtu aliweza kuutoa mpira huyo wenu ni nani.

Mgosi_Ziwani:

ila Jordan alikuwa anarudi kukaba hata asipofunga

Filimbi_Tu:

Mechi yenu ya kwanza ya kirafiki ni lini kapteni? Naomba nisipangwe mimi.