MREJESHO: Kiuno kuuma nikipiga dedilifti

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini kiuno kinaniuma kila nikipiga dedilifti, yaani kunyanyua chuma kutoka chini, hapa jimu ya mtaani Mwanjelwa. Asanteni sana.

Aliyesema nivue raba za soli nene nisimame na soksi, chuma kikae juu ya katikati ya unyayo, kikigusa ugoko, ubarikiwe: maumivu yamekata. Nilianza na chuma kitupu, kilo 20, nimekiegesha juu ya matofali. Sasa napiga kilo 50, mara 5. Ugoko umechubuka, navaa soksi ndefu za mpira wa miguu.

Kujaza pumzi na kukaza tumbo kabla ya kunyanyua bado kunanishinda. Nikifika ya nne nasahau, mgongo unapinda kama nabeba lumbesa la viazi. Na kwa baridi hii ya Mbeya, bila kupasha mwili kwanza sigusi chuma.