Kusasisha ramani ya mtaa wa mteremkoni kwa skana ya leza: nianzie wapi?

Mpima_Loleza
Wakuu shikamooni. Nipo Mbeya mjini, nimepewa kazi ya kusasisha ramani ya mtaa mmoja wa zamani chini ya mlima Loleza. Iliyopo ilichorwa kutokana na picha za anga na ipo kwenye Arc 1960, ule mfumo wa zamani wa koodineti (namba za kuonyesha mahali). Tangu hapo watu wameongeza vyumba vya uani, fremu na mabanda, hadi vichochoro vingine unapita ubavu ubavu. GPS inapoteza setilaiti kati ya kuta. Bosi anasema tukodi skana ya leza, ile ya kusimamisha kwenye miguu mitatu. Je, matokeo yake yatakaaje juu ya ramani ya zamani? Na itatuondolea kazi ya kutafuta bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja zilizofukiwa?

Mzee wa Kihesa
Marahaba. Naanza na la mwisho: bikoni utazitafuta kwa jembe kama kawaida. Skana haioni kilichofukiwa, na ukuta wa jirani si mpaka wa kiwanja hata mwenyewe akiapa.

Kwa majengo, njia, mitaro na nguzo za umeme, kodini. Mashine inapiga mwanga na kupima muda wa kwenda na kurudi. Nanosekunde moja ni kama sentimita 15 za umbali, nayo inapata nukta maelfu kwa maelfu kila sekunde. Ila haijui kama ipo Mbeya. Weka vibao vya alama, angalau vitatu vionekane kutoka vituo viwili vinavyofuatana, visikae mstari mmoja. Baadhi ya vibao hivyo vipime kwa GPS penye anga wazi, ili vipimo vya skana vikae mahali pake kwenye ramani. Na koodineti za WGS 84, mfumo unaotumiwa na GPS, ukizibandika kwenye Arc 1960 bila kuzigeuza, mtaa mzima unahama mita 300 hivi.

Sasa linalowasumbua vijana wengi. Picha ya anga ilichora paa. Skana ya chini inachora ukuta. Kwetu huku mabati yanatokeza nje ya ukuta kwa sababu ya mvua, wengine hadi nusu mita. Ukizipandanisha ramani mbili, kila nyumba itaonekana imenywea pande zote, na programu itakuwekea rangi ya mabadiliko mtaa mzima wakati hakuna aliyebomoa hata choo. Chora mistari miwili, wa ukuta na wa ncha ya paa (skana inainasa pia), kisha linganisha paa kwa paa. Kitakachobaki ndicho kilichojengwa kweli.

Halafu unapokata wingu la nukta (nukta zote za skana kwa pamoja) ili uchore kuta, usilikate kwa usawa mmoja. Kwa mteremko ule, mkato unaopita dirishani kwa nyumba ya juu unaelea juu ya paa la nyumba ya chini. Fuata ardhi, mita moja na kitu juu yake.

Fundi_Wingu
Naongezea kwa mzee. Mteremko nao una faida: simamisha mashine upande wa juu, mapaa ya chini unayaona bila ngazi. Ukungu na manyunyu yaepuke, matone yanarudisha mwanga unabaki kufuta nukta zinazoelea. Mabati mapya yanadundisha mwanga kwenda pengine, utakuta "ukuta" umezama ardhini. Na kama wamelima mahindi uani subiri wavune, vinginevyo utaskani mahindi. Ukikodi, dai faili za E57, muundo unaosomwa na programu nyingi, ili usifungwe na programu ya mwenye mashine, na punguza nukta kabla ya kuchora, la sivyo kompyuta ya ofisi italala.

Ruka_Juu
Si mrushe droni tu yaishe?

Mzee wa Kihesa
Kibali kikiwepo, irushwe. Italeta mapaa yale yale. Chini ya mapaa ataingia nani?

Mpima_Loleza
Asanteni sana wakuu. Nimeichungulia ramani ya zamani, kweli ni mapaa matupu. Nitamwambia bosi tuanze na kontroli (nukta za kuegemea zilizopimwa kwa uhakika), skana tuikodi mvua zikikata. Mwenyekiti wa mtaa amekubali kutuzungusha mageti yafunguliwe, isipokuwa kwa mama mmoja mwenye mbwa wawili. Kwake tutapima kwa utepe, mbwa wakifungwa.