Bata wa Beijing: ngozi yangu imevutika kama raba, nimekosea wapi?

DadaIpogolo: Kamwene wakuu. Jumapili tulikuwa na ubatizo, nikachinja bata nikitaka atoke kama wale wa Kichina, mwekundu, ngozi inavunjika kama kashata. Nikampaka asali, nikamweka kwenye oveni ya umeme saa moja na nusu. Katoka kama wa kuchemsha, trei imejaa mafuta. Mama mkwe akaniuliza kwa upole kama luku iliisha.

PipaMakambako: Pole dada. Moto hauna kosa, kosa ni la jana yake. Yule bata hupigwa upepo kwanza.

Nilijifunza kwa kuharibu bata watatu. Matumbo toa kwa tundu dogo chini ya bawa, shingo usiichane. Kisha jaza hewa kati ya ngozi na nyama. Natumia pampu ya baiskeli (mpya, msinicheke!). Ngozi ikiachana na nyama, mafuta yanapata pa kutokea. Mmwagie maji yanayotokota mpaka ngozi ikaze, ndipo umpake. Wachina wanapaka sukari ya kimea, mimi asali iliyozimuliwa kwa maji. Halafu tundika usiku kucha. Huku kwetu mwezi wa saba upepo ni wa bure, shida yangu ni paka wa jirani. Asubuhi ukimgonga kwa kidole analia kama ngoma.

Kabla ya moto ziba tundu la nyuma, mjaze maji ya moto tumboni. Nje anaokwa, ndani anachemka. Wenzetu wanatumia kuni za mkunazi, mpichi au mpeasi kwa sababu hazitoi moshi mwingi. Mimi nina mfyulisi mkavu na pipa. Na bata wetu wa mabaka hana mafuta ya yule mweupe wa Beijing anayelishwa kwa kushindiliwa, kwa hiyo usimwache muda mrefu.

MzeeWaMwanjelwa: Pipa si lazima. Huko kwao kuna njia mbili. Bianyifang, mgahawa unaojihesabu tangu 1416, huoka kwenye tanuri lililofungwa, bata haguswi na ulimi wa moto. Yang Quanren alipofungua mgahawa wa Quanjude mwaka 1864 ndiye aliyeleta kuning'iniza mbele ya moto wazi. Oveni ya dada ni binamu ya Bianyifang.

Na bata wa kuokwa ni wa zamani kuliko hao wote. Hu Sihui, mtaalamu wa vyakula kwenye kasri la wafalme wa Kimongolia, alimwandika mwaka 1330, bata akiwa amefungwa ndani ya tumbo la kondoo.

DadaIpogolo: Asante mzee, asante kaka. Kumbe asali niliipaka ngozi ingali mbichi na dakika ile ile nikawasha! Na kula je, ugali?

PipaMakambako: Ugali utamuua. Chapati nyembamba kabisa, kitunguu cha majani, tango, na ule mchuzi mtamu mweusi wa ngano iliyochachushwa. Ngozi kata na uile kwanza, ikipoa imekwisha.

DadaIpogolo: Sawa. Nina paka wawili, nitatundika bafuni dirisha likiwa wazi. Mama mkwe anarudi Jumamosi.