Mjadala: Mwasisi wa kampuni changa ana la kujifunza vitani?

Mwenye mada: Waasisi wa kampuni za teknolojia wameipenda mno lugha ya jeshi. Mshindani ni adui, chumba cha mikutano ni chumba cha vita, na anayerudi nyumbani mapema ni mwoga. Sipingi kusoma historia ya vita. Napinga kuokota maganda na kuacha kokwa.

Tazameni Mei 1940, Ujerumani ilipoivamia Ufaransa na kuishinda. Ufaransa haikukosa vifaru. Kifaru chake cha Char B1 kilikuwa na deraya nene kuliko vingi vya Ujerumani. Lakini kamanda alikaa peke yake kwenye kichwa kinachozunguka: apakie mzinga, alenge, afyatue, na papo hapo aongoze. (Mnamjua mwasisi wa namna hiyo? Mimi nawajua watatu.) Wajerumani waligawana kazi hizo, wakatia redio kwenye vifaru vyao, na ofisa wa chini akaachiwa aamue mwenyewe alimradi anajua mkuu wake anataka nini. Jenerali Gamelin, mkuu wa majeshi ya Ufaransa, alikuwa Vincennes, kando ya Paris, kwenye makao yasiyo na redio hata moja.

Kiangazi hicho hicho ikaja zamu ya Uingereza kushambuliwa na ndege za Ujerumani. Rada, mtambo wa kugundua ndege zikiwa mbali, walikuwa nayo, na Wajerumani pia walikuwa nayo, tena ya ufundi wa hali ya juu. Waingereza walizidi kwa mpangilio wa Dowding, mkuu wa ndege zao za kivita: taarifa za rada zilipigwa simu hadi makao yake ya Bentley Priory, zikachujwa, kisha zikapelekwa kwa waliowaongoza marubani, wote wakitazama picha moja. Basi nashikilia kwamba somo la vita ni jinsi habari inavyotembea ndani ya taasisi. Hayo ya ushujaa tuwaachie watunzi wa mashairi.

Mchangiaji wa kwanza: Umesimulia vizuri, ila umeruka fedha. Jeshi halikuwa mwalimu wa teknolojia, lilikuwa mteja. Sputnik, setilaiti ya Urusi ya Kisovieti, iliruka Oktoba 1957, mwaka uliofuata Marekani ikaunda ARPA, wakala wa utafiti wa wizara ya ulinzi, na pesa za ARPA ndizo zilizounganisha kompyuta za chuo kikuu cha UCLA na taasisi ya utafiti ya Stanford tarehe 29 Oktoba 1969, mwanzo wa mtandao uliozaa intaneti. Walitaka kutuma neno "login", zikafika herufi mbili, mfumo ukaanguka. Mwekezaji gani wa leo angevumilia? Na chipu za mwanzo, zilipokuwa ghali kupindukia, zilinunuliwa kwa ajili ya kombora la nyuklia la Minuteman na mradi wa Apollo wa kwenda mwezini. Msituambie habari za redio wakati hundi ndiyo iliyosema.

Mwenye mada: Hundi nakubali. Lakini Robert Noyce wa Fairchild, kampuni ya chipu ya California, aliliuzia jeshi chipu huku akikwepa ligharamie utafiti wake. Alijua anayelipia maabara ndiye atakayechagua cha kutafitiwa. Huo nao ni uongozi.

Mchangiaji wa pili: Mnahesabu vifaru na hundi, wafu hamwahesabu. Kombora la V-2 la Ujerumani ya Hitler lilikuwa ubunifu, na von Braun, mhandisi wake mkuu, hadi leo husifiwa kama kiongozi mwenye maono. Liliundwa na wafungwa wa kambi ya mateso ya Mittelbau-Dora, na waliokufa wakilitengeneza ni wengi kuliko waliouawa nalo lilipoanguka. Mwaka 2018 wafanyakazi wa Google waliukataa mradi wa Maven wa jeshi la Marekani wa kuchambua video za droni, na kampuni haikuongeza mkataba. Mimi nawaona hao kuwa viongozi kuliko majenerali wenu wote.

Mchangiaji wa tatu: Mmemsahau mwanafizikia wa Marekani, William Shockley. Wakati wa vita aliongoza watafiti waliotafuta mbinu za kuwinda nyambizi, akatunukiwa nishani mwaka 1946. Alikuwa miongoni mwa waliovumbua transista, swichi ndogo ya umeme inayojaa ndani ya kila chipu. Kwa sifa zenu zote, huyo ndiye bosi aliyeiva: vita anavijua, teknolojia anaijua. Alipofungua kampuni yake California, aliwashuku watu wake hadi akataka wapimwe kwa mashine ya kutambua uongo. Mwaka 1957 wanane wakafunga virago, Noyce akiwemo, wakaanzisha hiyo Fairchild mnayoitaja. Mwaka 1968 Noyce na Gordon Moore wakaondoka tena, wakaanzisha Intel.

Mwenye mada anasema tujifunze jinsi habari inavyotembea. Kule California waliotembea ni watu, na hapo jeshi halina la kutufundisha. Jeshini wale wanane wangeitwa watoro.