Masta ya hisabati na sayansi ya kompyuta: nianzie wapi?

Mwalimu wa Katuba

Wakubwa zangu, nawasalimu. Nilisomea ualimu wa hisabati katika mfumo wa zamani, yaani miaka mitatu ya gradua ikifuatwa na miwili ya lisanse, na sasa nafundisha sekondari hapa Lubumbashi. Natamani masta inayounganisha hisabati na sayansi ya kompyuta. Aljebra naimudu, lakini programu nilizoandika ni chache mno. Je, nisome kwanza kompyuta mwaka mzima, au niombe nafasi moja kwa moja? Tena, lisanse yangu itahesabiwaje katika mfumo mpya wa LMD, yaani lisanse, masta na udaktari?

Yaya wa Kampemba

Mdogo wangu, omba moja kwa moja. Mwenye hisabati thabiti hujifunza Python, lugha ya kuandikia programu, huku akisoma, ila mwenye Python peke yake hukwama mbele ya uthibitisho wa kwanza. Chukua kanuni ya kutafuta njia fupi katika grafu, yaani mtandao wa nukta zilizounganishwa kwa njia, ambayo mwanasayansi wa kompyuta Dijkstra aliichapisha mwaka 1959. Kuiandika kama programu ni kazi ya alasiri moja. Katika masta utatakiwa uthibitishe kwamba njia inayopatikana kweli haina iliyo fupi kuliko yenyewe, ueleze kwa nini uthibitisho huo unavunjika pale njia fulani inapopewa uzito hasi, yaani urefu ulio chini ya sifuri, kisha ukadirie jinsi muda wa hesabu unavyoongezeka grafu inapokua. Yote hayo ni hisabati. Pitia upya aljebra ya mstari na nadharia ya uwezekano, kwa kuwa hata hiyo akili bandia ambayo kila mtu anaizungumzia siku hizi imejengwa juu ya matriki, yaani majedwali ya namba, na uwezekano.

Fundi wa Ruashi

Yaya, kwa heshima zote, alasiri moja ni ya mtu aliyezoea. Asiyezoea kusaka kosa katika programu yake mwenyewe atapoteza majuma, na tarehe ya kukabidhi kazi haitamsubiri. Mwalimu, kila unachokifanya kwa daftari kiandike pia kwa Python, ukianza na mbinu ya Gauss ya kutatua mifumo ya milinganyo. Utagundua kwamba ndani ya mashine 0,1 ukijumlisha na 0,2 hupati 0,3 kamili, kwa sababu namba huhifadhiwa kwa msingi wa mbili na sehemu kama hizo, zisizo na mwisho katika msingi huo, hukatwa. Somo la hesabu za kinambari hulishughulikia sana jambo hilo.

Msomaji wa Kamalondo

Niguse swali la cheti, ambalo limeachwa. Katika LMD, lisanse ni miaka mitatu yenye krediti 180, na masta ni miwili yenye krediti 120. Wewe umesoma mitano, kwa hiyo ambatanisha karatasi za alama za miaka yote, anayepitia faili asije akadhani ni mitatu. Kabla ya kulipa chochote, uliza idara ikujibu kwa maandishi utaingizwa mwaka gani.

Tazama pia AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyofungua kituo chake cha kwanza Afrika Kusini mwaka 2003, kisha ikaenea Senegali, Ghana, Kameruni na Rwanda. Imejulikana kwa kuwalipia wanafunzi wake masomo na makazi. Masomo yake mengi hutolewa kwa Kiingereza, nasi tuliosomeshwa kwa Kifaransa tunahitaji miezi kadhaa ya kujiandaa, hasa kwa kuandika.